Pikapu Ipimwe Ikiwa na Mzigo

Wahenga walinena kwamba usione vyaelea, vimeundwa. Nami naongeza yangu: usione pikapu imesimama sawasawa ukadhani imeundwa vizuri.

Ndugu msomaji, katika jarida hili wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili wameandika mashairi na hadithi tamu. Mimi mhariri aliniambia, "Andika juu ya jambo unalolijua." Basi ninalolijua ni pikapu, hasa shokabsoba na springi zake. Sijivuni. Nimelijua kwa hasara, na hasara yenyewe almanusura ituue watu watatu.

Kwetu ni hapa Mahoo. Wenyeji mnajua maisha yetu yalivyo: maji ya chemchemi, mifereji, migomba, nyanya, na siku za soko Taveta, Jumatano na Jumamosi. Barabara kuu ya kwenda Voi sasa ni lami, lakini ndizi hazioti kwenye lami. Kutoka shambani hadi barabarani kuna njia ya udongo, na masika yakianza njia hiyo hugeuka ugali. Gari huzama katika alama za magurudumu ya waliotangulia mpaka likalalia tumbo.

Mama na mjomba wangu walinunua pikapu kwa ushirika. Ni Toyota Hilux ya kebini moja, ya lile umbo lililoanza kuonekana miaka ya 2004 na 2005. Mama hutoa ndizi, mjomba hutoa udereva, na faida wanagawana. Mwaka jana, baada ya kulalia tumbo mara tatu kwa wiki moja, mjomba akasema, "Dada, tuivishe matairi makubwa, tena tuinue pua isimame sawa." Sababu ya kwanza ilikuwa matope. Sababu ya pili hakuisema, lakini mimi niliijua. Alikuwa ameona Voi pikapu za vijana zilizoinuliwa, akatamani.

Hesabu ya tairi

Kabla ya kuzungumzia shokabsoba, tufahamu kwanza ni nini kinachoongezeka tairi likiwa kubwa. Ukutani mwa tairi pana maandishi kama 225/75 R16. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ukuta wake, kwa asilimia ya ule upana. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Pikapu yetu tuliikuta imevaa 225/75 R16. Asilimia 75 ya 225 ni milimita 168.75. Kuta ni mbili, juu na chini, hivyo ni 337.5. Rimu ya inchi 16 ni milimita 406.4. Jumla ni kama milimita 744. Mjomba alitaka 265/75 R16, nalo ukilipiga hesabu hiyohiyo unapata kama 804. Tofauti ni milimita 60.

Wengi hudhani gari litainuka kwa hizo milimita 60. Sivyo. Kitovu cha gurudumu kiko katikati, hivyo gari huinuka kwa nusu yake tu, yaani sentimita 3. Zile sentimita 3 nyingine ziko upande wa juu, na huko zinakaribia madigadi. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Gari likipita kwenye shimo, au ukikata usukani mpaka mwisho, tairi hulamba bati.

Kuna gharama nyingine. Tairi hilo ni kubwa kwa asilimia 8 hivi, kwa hiyo kipimo cha mwendo hudanganya. Kikionyesha kilomita 80 kwa saa, kwa kweli unakwenda zaidi ya 86. Injini nayo huwa kama imefungwa gia nzito, utaijua ukipanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi. Breki pia zinapata kazi zaidi, maana tairi kubwa ni wenzo mrefu unaoshindana nazo.

Springi na shokabsoba si kitu kimoja

Hili ndilo jambo ambalo watu wengi huchanganya, hata baadhi ya wauzaji wa vipuri. Kinachobeba uzito wa gari ni springi. Katika Hilux kama yetu, mbele kuna springi za kujizungusha kama nyoka, na nyuma kuna mabamba ya chuma yaliyopindwa na kupangwa moja juu ya jingine. Tulisoma katika fizikia kanuni ya Robert Hooke, Mwingereza aliyeichapisha mwaka 1678: springi hunyooka au kubonyea kadiri ya mzigo. Ukiongeza mzigo mara mbili, inabonyea mara mbili, mradi hujaipitisha mpaka wake.

Lakini springi ina tabia moja mbaya. Ukiibonyeza ukaiachilia, hurukaruka. Kama gari lingekuwa na springi tupu, tungeruka kutoka Mahoo mpaka Maktau kama chura. Kazi ya shokabsoba ni kuutuliza mruko huo. Ndani yake kuna mafuta na pistoni yenye vitundu vidogo. Gurudumu likipanda na kushuka, pistoni husukuma mafuta yapite kwenye vitundu hivyo, nayo hupita kwa shida. Nguvu ya mruko hugeuka joto. Ndiyo maana ukiigusa shokabsoba baada ya safari ya njia mbovu, huwa ya moto.

Kwa hiyo shika neno hili: springi hubeba, shokabsoba hutuliza. (Mafundi wetu hufupisha wakaita shoki, ukivuka mpaka wa Holili utasikia shokapu. Ni mamoja.)

Aina tatu za shokabsoba za kurekebishwa

Sasa utauliza, kama shokabsoba haibebi mzigo, yawezaje kuinua gari? Swali zuri. Duka likikuambia shokabsoba ni ya kurekebishwa, uliza kinachorekebishwa ni nini, maana ziko namna tatu.

Ya kwanza hurekebishwa ugumu. Ina kifundo cha kuzungusha, na kila hatua huyafanya mafuta yapite kwa urahisi au kwa taabu. Mfano ni Rancho RS9000, ambayo ina hatua tisa. Hii ni nzuri kwa gari ambalo leo ni tupu na kesho limejaa. Lakini haiinui gari. Ukiizungusha mpaka mwisho, gari litabaki pale pale, ila litakuwa gumu kama kitanda cha mbao.

Ya pili hurekebishwa kiti cha springi. Katika magari ambayo springi ya mbele imeizunguka shokabsoba, springi huketi juu ya sahani iliyoshikwa na mwili wa shokabsoba. Sahani hiyo ikipandishwa, springi husukuma gari juu. Katika Bilstein 5100 za mbele, kwa mfano, mwili wa shokabsoba umechongwa vijifereji kadhaa, na klipu ya chuma huingia katika kijifereji unachotaka. Nyingine zina hesi kama za bolti, na sahani huzungushwa ikapanda. Hizi ndizo zinazosawazisha pua ya pikapu.

Ya tatu ni ya hewa. Hufungwa nyuma na kujazwa upepo kama tairi. Inasaidia kidogo mzigo ukiwapo, lakini hapo shokabsoba inabebeshwa kazi ya springi, na mahali iliposhikizwa kwenye chesisi hapakuundwa kwa uzito mwingi. Kwa ndizi za Mahoo singeishauri.

Kumbuka pia kwamba si kila pikapu inafaa kwa namna ya pili. Isuzu D-Max za kwanza, kabla ya umbo jipya la mwaka 2011 na 2012, hazina springi ya kujizungusha mbele. Zina fimbo ya chuma inayojinyonga, na kimo chake hurekebishwa kwa bolti. Mwenye gari kama hilo akinunua shokabsoba za vijifereji atakuwa amenunua mapambo.

Yaliyotupata

Mjomba alikwenda kwenye duka moja la vipuri ambalo jina lake nalihifadhi. Muuzaji alimpa shokabsoba za aina ya pili. Hapo hakukosea. Kosa lake ni kwamba hakuuliza gari linabeba nini. Fundi naye akaweka klipu kwenye kijifereji cha juu kabisa. Pesa ilitoka katika akiba ya mama ya chama, akiba ambayo ndani yake ilikuwamo pesa yangu ya chakula cha mchana. Nilikaa nyumbani siku nne. Sikulalamika. Nilijiambia kwamba gari likifanya kazi, pesa itarudi.

Lo! Pikapu ilipendeza. Awali ilikuwa imeinama mbele, sasa ilisimama sawa kama meza ya mwalimu mkuu. Watoto waliifuata wakishangilia. Mjomba aliiosha mara mbili kwa siku moja.

Ijumaa ya wiki iliyofuata tulipakia mikungu ya ndizi ya kwenda Voi. Mimi nilikwenda kusaidia kushusha, kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa. Tuliondoka usiku wa manane, mama katikati, mimi mlangoni. Tangu mwanzo mjomba alisema usukani ni mwepesi ajabu, kama wa baiskeli. Magari yaliyotujia yalikuwa yakitupigia taa, pa, pa, pa. Mjomba akasema, "Hawa wana nini? Mbona nimewasha taa ndogo?"

Tulipokaribia Mbuyuni, nikaona mwanga wetu uko kwenye matawi ya miti na si barabarani. Mbele yetu lori lilikuwa linakuja. Lilitupigia taa, kisha likaanza kuja upande wetu. Dereva wake hakuwa mlevi. Alikuwa haoni. Sisi ndio tuliompofusha. Mjomba alikata kushoto, gurudumu la mbele likatoka nje ya lami likaanguka kwenye shimo la ukingo, na hapo nikasikia kishindo cha tairi likiuma bati. Usukani ukakwama. Lori likatupita kwa upepo tu. Pikapu ilisimama ikiwa imeelekea porini.

Hakuna aliyeumia. Mikungu ilimwagika. Tuliiokota gizani mahali ambapo ndovu huvuka, huku mjomba akimulika kwa tochi ya simu na kusikiliza vichaka. Mama hakusema neno mpaka tukafika Voi. Huko alisema moja tu: "Ndugu yangu, mimi nilitoa pesa ya kubebea ndizi, sikutoa pesa ya kubebea roho zetu."

Kosa lilikuwa wapi?

Tuliporudi nilichukua futikamba na daftari. Nilipima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Kipimo hiki ni bora kuliko kupima kutoka chini, maana hakibadiliki kwa ukubwa wa tairi wala kwa upepo. Kwa bahati, mjomba alikuwa amenipimisha pia kabla ya kazi kufanywa, gari likiwa tupu: mbele sentimita 48, nyuma 55. Baada ya kazi: mbele 54, nyuma 55. Sawa kabisa, si ndiyo?

Kisha nikapima likiwa na shehena ileile ya ndizi. Mbele lilibaki karibu 54. Nyuma lilishuka mpaka 47. Pua ilikuwa juu kwa sentimita 7! Na ukiangalia namba za kwanza utagundua siri. Kabla ya kuinuliwa, gari likiwa na mzigo lilikuwa na 48 mbele na 47 nyuma. Lilikuwa sawa tayari. Waliounda pikapu hawakukosea walipoinua nyuma yake. Walijua kwamba nyuma kutapakiwa mzigo, nayo itashuka.

Sasa fanya hesabu ya taa. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni kama mita 3. Sentimita 7 ukizigawa kwa 3 ni zaidi ya sentimita 2 kwa kila mita. Umbali wa mita 50, mwanga umepanda zaidi ya mita moja kupita ilivyotakiwa. Hapo ndipo macho ya dereva wa lori yalipokuwa.

Namna ya kuchagua

Tulimwendea fundi mmoja mzee, mtu wa maneno machache. Alitufundisha mambo ambayo nayaandika hapa ili mwenzangu asiyanunue kwa bei tuliyonunua sisi.

Kwanza, pima gari likiwa tupu na likiwa na mzigo wa kila siku, mbele na nyuma. Amua kimo kwa vipimo vya mzigo. Gari la matembezi lisawazishwe likiwa tupu, gari la kazi lisawazishwe likiwa kazini.

Pili, chagua tairi kabla ya shokabsoba, na chagua dogo kabisa linalokutosha. Sisi tulibadilishana yale ya 265 na 245/75 R16, kwa hasara. Hilo lina kimo cha kama milimita 774. Linaongeza sentimita 1.5 chini ya tumbo, na kipimo cha mwendo hudanganya kwa asilimia 4 tu.

Tatu, kumbuka kanuni ya wenzo. Springi haikai kwenye gurudumu bali katikati ya mkono unaolishika. Katika pikapu kama yetu, sentimita moja kwenye kiti cha springi huzaa karibu sentimita mbili kwenye gurudumu. Fundi wa kwanza alidhani anapandisha 3, kumbe anapandisha 6. Mzee alishusha klipu mpaka mbele ikabaki imeinuka sentimita 2.5.

Nne, usipite kiasi. Gari likiinuliwa sana mbele, shokabsoba hukaribia mwisho wa mwendo wake na kugonga kila gurudumu linaponing'inia. Boljointi hukaa upande, mpira wa breki huvutika, na kwa gari la magurudumu manne yanayovuta, eksili za mbele hufanya kazi kwa pembe kali. Mafundi wengi hukataa kupita inchi mbili hivi kwa njia hii.

Tano, usisahau nyuma. Mabamba yetu yalikuwa yamechoka, hivyo mzee aliongeza bamba moja. Lakini alituonya: bamba la kuongeza hurudisha kimo, haliongezi uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba. Chesisi ni ileile, breki ni zilezile.

Sita, baada ya kubadilisha kimo, fanya alaimenti na urekebishe taa, tena taa zirekebishwe mzigo ukiwamo. Kisha kata usukani mpaka mwisho pande zote mbili, uangalie kama tairi linagusa bati au mpira wa breki.

Saba, na hili ni kwa wenzangu wapenda gereji: usijaribu kufungua springi ya mbele chini ya mwembe kwa spana na ujasiri. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja taya. Kuna kifaa maalumu cha kuibana. Kama fundi hana, mwage kwa adabu uende kwingine.

Hivi sasa pikapu yetu ikiwa na ndizi ina kama sentimita 50 mbele na 50 nyuma. Ikiwa tupu, huinama pua kama ng'ombe anayekunywa maji mferejini. Vijana wa stendi humcheka mjomba. "Mjomba, gari lako linatafuta nini chini?" Naye huwajibu, "Linatafuta ada ya huyu kijana." Usiku tukienda Voi, magari yanayotujia hayatupigii taa tena. Mama ameanza kusinzia njiani kama zamani.

Basi ndugu msomaji, nikomee hapo kalamu isije ikakwama matopeni. Ukinunua kitu cha kurekebishwa, jiulize kinarekebisha nini, na kwa faida ya nani. Tena ukisifiwa kwamba gari lako limesimama sawa, kabla hujatabasamu, lipakie kwanza, uende ukalitazame kwa mbele, pale anaposimama yule anayekuja.